Gari Linalotetemeka Alfajiri



Juma hili tumeiahirisha mada tuliyoiahidi, kwa kuwa imetufikia barua ambayo jawabu lake halifai kungoja. Ameiandika mama mmoja mjane, mwenye gari aina ya Toyota Probox aliloachiwa na marehemu mumewe. Kwa gari hilo hupeleka mahamri na mbaazi madukani baada ya sala ya alfajiri, kisha hurudi kuwachukua wanawe na kuwapeleka skuli. Tangu kusi ianze kuvuma, gari lina maradhi. Likiwashwa asubuhi hutetemeka kama mwenye homa, mngurumo ukapanda na kushuka, na mara nyingine likazimika lenyewe. Baada ya dakika tano au sita hutulia, na mchana kutwa halina neno. Fundi wa kwanza alibadilisha plagi. Gari likaendelea kutetemeka. Wa pili akabadilisha pampu ya mafuta. Hali ikawa ile ile. Wa tatu amemwambia kuwa injini imechoka, atafute nyingine ya mtumba. Sasa mama huyu atuuliza: je, auze bangili zake mbili za dhahabu anunue injini?

Jawabu letu ni fupi: asiuze, bado. Katika mafundi hao watatu, hakuna hata mmoja aliyeliona gari likiwa katika maradhi yake. Wote walipelekewa mchana, injini ishapata moto na gari limetulia tuli. Walitibu kwa kukisia, na kila kisio lililipiwa na mwenye gari. Tumeona vyema tulieleze jambo hili kwa urefu, kwani twajua kuwa nyumba nyingi zina gari la namna hiyo, na akina mama wengi huambiwa na mafundi maneno wasiyokuwa na njia ya kuyapima.

Yapasa kwanza tuelewane juu ya neno baridi. Huenda msomaji akasema: Mombasa, Malindi na Lamu kuna baridi gani ya kulitetemesha gari? Ni kweli hatuna barafu. Hata usiku wa Julai joto letu halishuki sana chini ya nyuzi 20. Lakini injini ya petroli imeundwa ifanye kazi ikiwa na joto la nyuzi 90 hivi. Gari lililolala usiku kucha hupoa mpaka likawa sawa na hewa iliyolizunguka. Basi kwa injini, alfajiri yetu ya nyuzi 22 ni upungufu wa nyuzi karibu 70. Hiyo ndiyo baridi tunayoikusudia, nayo ipo mwaka mzima, kusi na kaskazi.

Baridi hiyo ina athari gani? Petroli haiwaki ikiwa majimaji. Huwaka ikiwa mvuke uliochanganyika na hewa kwa kipimo maalumu, yaani kilo 14.7 za hewa kwa kila kilo 1 ya petroli. Chuma kikiwa baridi, sehemu ya petroli hugandamana na kuta kwa matone, isigeuke mvuke. Kwa hiyo kompyuta ya gari huongeza mafuta kusudi na kuipandisha injini mwendo. Injini iliyopata moto, gari likiwa limesimama, huzunguka mara 600 hadi 800 kwa dakika. Asubuhi hupanda hadi 1,200 au 1,500, kisha hushuka polepole kadiri inavyopata joto. Mngurumo wa juu kidogo katika dakika ya kwanza, basi, si ugonjwa. Ugonjwa ni mngurumo usiokuwa sawa: kupanda na kushuka, kukatika pigo, kutikisa usukani na viti, au kuzimika.

Sasa tuje kwenye kiini cha maneno. Kompyuta hujuaje mafuta yametosha? Ina vihisio, ambavyo mafundi huviita sensa. Kimoja hupima joto la maji ya injini, na kingine hupima hewa inayoingia. Cha tatu hukaa katika bomba la moshi na kunusa oksijeni iliyobaki, ili kuijulisha kompyuta kama mafuta yamezidi au yamepungua. Lakini kihisio hiki cha moshi hakifanyi kazi mpaka kipate moto wa nyuzi 300 hivi. Kabla ya hapo kompyuta ni mithili ya mpishi atiaye chumvi kwa mazoea pasi kuonja. Kihisio kikishapata moto, mpishi huanza kuonja, akaongeza hapa na kupunguza pale, na kasoro ndogo ikafunikwa.

Ndiyo maana gari la mama huyu hutulia baada ya dakika tano. Kasoro haikuondoka, imefunikwa tu. Na ndiyo maana fundi aliyeletewa gari lililopata moto ameletewa chungu ambacho chumvi yake imesharekebishwa. Saa ya maradhi ndiyo shahidi mkubwa, na mwenye kuikosa saa hiyo amemkosa shahidi.

Tutaje sasa visababishi vinavyojulikana, tukianza na vile ambavyo kuviangalia hakugharimu sana.

Kwanza ni hewa ya wizi. Hewa yote iingiayo katika injini hupimwa mlangoni. Ikiwa kuna mpira uliopasuka, au gasketi iliyokauka baina ya bomba la hewa na injini, hewa nyingine hupenya pembeni bila kupimwa. Mafuta yakawa machache kuliko hewa, na injini ikayumba. Mpira na gasketi zikiwa baridi hujikunja na ufa ukafunguka; zikipata moto hutanuka na ufa ukajiziba. Tukumbuke umri wa magari yetu. Kenya hairuhusu kuingizwa gari la mtumba lililozidi miaka 8. Basi gari lililoteremshwa Kilindini likiwa na miaka 7, likatumika hapa miaka 10, mipira yake ina miaka 17. Dalili ya hewa ya wizi ni mngurumo unaopanda na kushuka, na pengine sauti nyembamba ya mfyonzo chini ya boneti. Kompyuta ikisomwa, aghalabu hutoa namba P0171, maana yake mchanganyiko una hewa nyingi na mafuta haba.

Pili ni uchafu katika mlango wa hewa, ule ambao mafundi huuita throto. Masizi na mvuke wa oili hujikusanya kwenye ukingo wa kile kisahani kinachofunguka na kufunga. Gari likiwa limesimama, nafasi ya hewa ni nyembamba sana, na uchafu mdogo huiziba. Dawa yake ni kusafishwa kwa dawa maalumu na kitambaa laini. Lakini katika magari ambayo kisahani hicho huendeshwa kwa umeme, fundi asikisukume kwa nguvu kwa kidole, kwani huweza kukiharibu. Na baada ya kusafisha, huenda kompyuta ikahitaji kufundishwa upya kiasi cha hewa. Mngurumo ukiwa juu kwa muda mfupi baada ya kazi hiyo, mwenye gari asifazaike.

Tatu ni kihisio cha joto kinachosema uongo. Kikiiambia kompyuta kuwa injini ina moto ilhali ni baridi, mafuta ya ziada hayatolewi, na gari hutetemeka kwa njaa. Kikisema kuna baridi wakati wote, mafuta huzidi, moshi mweusi ukatoka na petroli ikaliwa ovyo. Kipimo chake ni chepesi mno. Gari likiwa limelala usiku kucha, mashine ya kusomea kompyuta iunganishwe kabla injini haijawashwa. Joto la maji ya injini na joto la hewa iingiayo yapasa yawe karibu sawa. Kimoja kikisema nyuzi 23 na kingine nyuzi 60, mwongo amejulikana, na hapajafunguliwa hata nati moja.

Nne ni plagi na koili. Plagi za kawaida hudumu kilomita 20,000 hadi 40,000. Zenye ncha ya iridiamu hufika kiasi cha kilomita 100,000. Plagi iliyochakaa hushindwa zaidi asubuhi, kwa sababu mafuta yenye matone ni magumu kuwasha. Koili nayo ikiwa na ufa, unyevu wa usiku hupenya, na umeme ukatoroka kabla ya kufika. Hapa pwani tuna jambo la ziada: hewa yenye chumvi hula vichwa vya betri na viungo vya nyaya, vikaota unga wa kijani au mweupe. Hivyo visafishwe kabla ya kulaumu kingine chochote. Kuhusu koili, iko njia ya kuithibitisha isiyohitaji kununua kitu. Kompyuta ikitoa namba baina ya P0301 na P0304, tarakimu ya mwisho hutaja silinda iliyokosa kuwaka. Fundi aichukue koili ya silinda hiyo aihamishie silinda nyingine. Kasoro ikihama pamoja na koili, koili ni mbovu. Ikibaki pale pale, koili haina hatia, na fundi atazame plagi, injekta au silinda yenyewe.

Tano ni mafuta. Injekta iliyoziba hunyima silinda moja haki yake. Inayovuja hudondosha petroli usiku kucha, na asubuhi gari likawaka kwa shida na harufu kali ya petroli. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa pia hugeuka mvuke kwa uzito, nayo huonekana zaidi katika baridi. Mchezo huo unajulikana nchini. Mwaka 2018 serikali iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kukata tamaa ya wachanganyaji. Ikiwa maradhi yalianza mara tu baada ya kutia mafuta mahali fulani, jambo hilo liandikwe.

Sita, na hili ndilo zito, ni gasketi kubwa ya injini, iliyo baina ya kichwa cha injini na sehemu ya chini. Ikipasuka, maji ya rejeta hupenya katika silinda usiku, na asubuhi silinda hiyo hukosa kuwaka mpaka ikauke. Dalili zake ni tatu: maji ya rejeta hupungua bila kuonekana yanakomwagikia, moshi mweupe mzito wenye harufu tamutamu huendelea hata injini ikiwa moto, na gari hupandisha joto. Lakini mvuke mwepesi mweupe wa asubuhi, unaotoweka baada ya dakika chache pamoja na matone ya maji kwenye bomba la moshi, ni jambo la kawaida.

Mama mwenye barua hakutaja moshi, wala maji kupungua, wala gari kupandisha joto. Ametaja mngurumo unaopanda na kushuka, kisha utulivu wa ghafla. Kwa maelezo hayo twaelekea zaidi kwenye hewa ya wizi, uchafu wa throto au kihisio cha joto. Hatuapi, kwani hatujaliona gari. Lakini yote matatu huangaliwa kwa saa chache, na hakuna hata moja linalofikia thamani ya bangili.

Basi afanye nini? Twampa kazi ya asubuhi nne, ambayo mwanawe mkubwa aweza kumsaidia. Achukue daftari. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, aandike kiwango cha maji katika kile kichupa cha akiba cha rejeta. Asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa na moto, maana maji hayo huruka na kuunguza. Kisha awashe gari bila kukanyaga mafuta, aangalie saa, na aandike: limewaka mara moja au limevutavuta? Mtetemo umeanza papo hapo au baada ya dakika? Umedumu dakika ngapi? Taa ya injini kwenye dashibodi imewaka? Moshi ni wa rangi gani? Mara moja azime na kuwasha kiyoyozi, aone kama hali inabadilika. Asubuhi nyingine, mguu ukiwa kwenye breki, aingize gia pasi kuondoka. Mtetemo ukizidi kwenye gia peke yake ilhali mngurumo ni sawa, huenda ni mipira inayoishikilia injini iliyochoka, na injini yenyewe haina lawama. Na simu anayo: achukue video yenye sauti. Fundi hataweza kusema, "Mbona silioni tatizo?"

Baada ya hapo apeleke gari jioni, na maneno yake yawe wazi: "Fundi, nakuachia gari lilale hapa. Tafadhali usiliwashe mpaka kesho asubuhi. Ukija, unganisha mashine kwanza, soma joto, ndipo uwashe. Daftari langu hili hapa. Usinunue kitu mpaka unipigie simu unieleze ni kitu gani, na umekijuaje kuwa kibovu." Fundi mwema hatachukia maneno haya, atayafurahia, kwa kuwa yamempunguzia kazi. Na kila kifaa kinachotolewa, mwenye gari aombe kurudishiwa kile cha zamani. Gari alilokabidhiwa fundi ni amana, na fedha ya mjane ni amana zaidi. Kumuuliza mtu ushahidi wa kazi yake si kumtuhumu.

Na je, injini kubadilishwa ni jambo lisilofaa kamwe? La. Injini huchoka. Lakini kuchoka kwake hupimwa. Plagi hutolewa, kipimo cha mgandamizo kikafungwa pahala pake, na kila silinda ikasomwa moja moja. Silinda zote zikiwa karibu sawa na ndani ya kiwango cha mtengenezaji, neno la kuwa injini imechoka limeanguka. Moja ikiwa chini sana kuliko wenzake, hapo pana mazungumzo, na hata hivyo fundi aeleze kama ni vali, ni ringi au ni gasketi, kwani gharama zake hazilingani. Na tusisahau kuwa injini ya mtumba nayo ina umri wake. Aliyeinunua bila ya kuipima huenda amenunua maradhi ya mtu mwingine.

Tumalize kwa tahadhari tatu, ambazo ni muhimu kuliko gari lenyewe. Ya kwanza: usiwashe gari ndani ya banda lililofungwa kwa ajili ya kulipasha moto. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo rangi wala harufu, nayo huua mtu akiwa hajatambua. Banda likiwa ukuta kwa ukuta na chumba wanacholala watoto, hatari ni kubwa zaidi. Wala hakuna haja ya kulingurumisha muda mrefu. Nusu dakika au dakika moja yatosha, kisha uendeshe polepole mpaka lipate moto.

Ya pili: dada anayefungua boneti injini ikinguruma aukunje mtandio na mikono ya buibui, asiinamie mkanda wala feni. Feni nyingi za siku hizi ni za umeme, na huanza kuzunguka zenyewe bila kumwonya mtu. Kazi ya kupuliza dawa kutafuta hewa ya wizi aachiwe fundi, kwa kuwa dawa hizo hushika moto upesi.

Ya tatu: taa ya injini ikiwaka tu bila kukatika, waweza kuendesha kwa utaratibu mpaka gereji. Ikiwa inawaka na kuzimika mfululizo huku gari likitetemeka, egesha mahali salama. Hiyo ni alama kwamba mafuta yasiyoungua yanaingia katika chombo cha kusafishia moshi na kukiunguza, na chombo hicho ni ghali.

Mama yetu, bangili zako zikae sandukuni. Anza na daftari kesho alfajiri, inshaallah, na mwishoni mwa juma mpelekee fundi gari pamoja na habari yake. Ukipata jawabu, tuandikie, ili na wenzako wafaidike.

Wabillahi tawfiq.